Ile Video ya Kathedrali: Sikuwa Nauza Dawa ya Panya

Kwanza kabisa: sikuwa nauza dawa ya panya.

Naanza hapo kwa sababu tangu Jumamosi jioni simu yangu haijalala. Kaka yangu aliye Kolwezi amenitumia video. Mwalimu wangu wa la tano amenitumia video. Padri aliyenibatiza amenitumia video bila neno hata moja, na kule kunyamaza kwake ndiko kunakouma. Hata mwenye nyumba wangu, ambaye tangu mwezi jana tunapishana kwa mbali kwa sababu anazozijua yeye, ameniandikia: "Kumbe biashara inatembea."

Video yenyewe ni ya sekunde arobaini na moja. Aliyerekodi ni rafiki yangu, ambaye simtaji jina kwa sababu ndicho anachokitaka. Chini yake ameandika kwamba nilivamia harusi ya watu pale kathedrali ya Lubumbashi, nikauza sumu, mpaka polisi wakanikamata.

Polisi hawakunikamata. Waliniomba karatasi tu. Na pakiti niliuza mbili, si zaidi, tena wateja ndio walionitafuta.

Sasa kaeni.

Wengi wenu mnajua niko katika mipango ya kuoa. Anayejua anajua, asiyejua namba ya kuchangia atapewa. Kwa kina mchumba wangu mjomba ndiye serikali. Baba anaongea vizuri, anacheka, anakukaribisha kiti, lakini anayeamua ni mjomba. Basi mjomba akatoka Likasi siku ya Ijumaa na mke wake, kilomita mia moja na ishirini, kuja kuniangalia kwa macho. Ni mstaafu wa reli. Ana kofia, ana fimbo, na ana maneno machache sana. Ukimpa yambo anaipima kwanza, ndipo anaipokea.

Ijumaa usiku tulikula bukari (ugali wetu) na samaki kwao mchumba. Kimya. Kijiko kikigusa sahani unasikia hadi Katuba. Sijui ni nani aliyenitia maneno mdomoni. Nilimeza tonge, nikasikia sauti yangu ikisema: "Papa, kesho nitawatembeza kwa miguu, niwaonyeshe mji wetu wa kale, majengo yote ya historia."

Mchumba wangu alinikanyaga chini ya meza. Anajua kazi yangu. Mimi ni fundi wa simu. Historia ninayoijua ni ya betri.

Mjomba akainua macho. "Muji ya kale?"

"Ndiyo, Papa."

"Sawa," akasema, akaendelea kutoa miiba.

Usiku ule nilisoma kuliko nilivyosoma kwa ajili ya diploma. Kumbe mji huu una mambo! Nilijaza daftari, kisha nikaona aibu ya kutembea na daftari mbele ya wakwe kama mtoto wa shule, nikaandika miaka yote kwenye kiganja cha kushoto kwa kalamu ya wino. Mnajua Oktoba ya Lubumbashi. Mvua bado, jua liko begani, jakaranda zimemwaga maua ya zambarau barabarani, na mtu anatoka jasho hata akifikiria tu. Kiganja kile kikumbukeni.

Megafoni ilikuwa wazo la rafiki yangu. "Mzee wa reli amezoea kelele," aliniambia, "masikio yamechoka. Utamwonyesha historia kwa sauti ya mbu?" Nikaona ana hoja. Jirani yangu tunayemwita Dokta anauza dawa ya panya pale soko la Kenya (komini yetu hiyo, si nchi, wasomaji wa mbali mtulie). Ana megafoni. Nikaenda kumwazima.

Niieleze hiyo megafoni, kwa kuwa video haiionyeshi vizuri. Mdomo wake umeanguka mara nyingi, sasa umeshikwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mgongoni ina vifungo viwili: cheusi cha kuongea, na chekundu cha kurudia maneno yaliyorekodiwa. Cha kuzima kilikuwepo zamani, pamebaki tundu. Kifuniko cha betri Dokta amekifunga kwa waya, akazungusha kama mara nane, kwa sababu watoto wa pale sokoni wanaiba betri kama karanga.

"Ile ya rouge usiguse," Dokta akanionya. "Ukigusa, inaendelea tu."

"Inaendelea mpaka lini?"

"Mpaka betri inakufa. Na leo nimetia mupya."

"Wewe unazimaje?"

"Mi ninatoaka betri. Lakini na kisu, na nikiwa nimekaa."

Nikacheka. Naandika tena: nilicheka. Akanipa na mfuko wa kuibebea, na ndani yake akanitupia pakiti mbili za dawa, zawadi ya ujirani.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulianzia stesheni ya treni. Mjomba, mke wake ambaye ninamwita Mama, mchumba wangu, wadogo zake wawili wa kike, na rafiki yangu na simu yake, eti wa kupiga picha za kumbukumbu. Nilikuwa na suti. Nilianza kutembea kinyumenyume kama wale waongozaji wa watalii, nikabonyeza cheusi, nikasafisha koo. Njiwa wa pale stesheni waliruka wote.

"Waheshimiwa wageni! Hapa ndipo mji wetu wa kale ulipozaliwa! Reli ilitoka kusini, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, na treni ya kwanza ikaingia hapa," nikaangalia kiganja, "mwaka 1510!"

Mjomba akasimama.

"Treni?"

"Ndiyo, Papa."

"1510."

"Ndiyo, Papa."

Akafikiri kidogo. "Ilikuwa inavutwa na nani?"

Hapo ndipo nilipotazama kiganja vizuri nikaona jasho limeshaanza kazi. Tisa ilikuwa imelegea mkia. Mchumba akasema kwa meno yaliyofungwa: "Elfu moja mia tisa na kumi." Nikarekebisha. Mjomba akapiga hesabu kwa vidole kwenye fimbo.

"Nkambo yangu, mama ya mama, alizaliwa mbele ya 1910," akasema. "Sasa, muji na nkambo yangu, nani njo wa kale?"

Sikujibu. Kuna maswali ambayo mkwe akiuliza unaangalia viatu.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikawaambia mji uliitwa Élisabethville kwa jina la malkia, nikamtia malkia yule Uingereza, mchumba akamrudisha Ubelgiji, kwa mume wake mfalme Albert wa Kwanza. Nikasema jina la Lubumbashi, la mto wetu, lilikuja mwaka 1966, na hapo mama mmoja aliyekuwa anapita akasema "Amina!" Ndipo nilipogundua kosa la megafoni. Katika mji huu megafoni hailii bure. Ni dawa, au ni Yesu, au ni uchaguzi. Watu wanakuja kuangalia ni ipi kati ya hizo tatu. Tulipofika Posta, kwenye sanamu ya Moïse Tshombe, tulikuwa wageni sita na wafuasi kama kumi na watano: watoto, muuza kredi, kijana mwenye beseni la mayai ya kuchemsha, na mzee mmoja aliyekuwa akiuliza kila mtu fomu zinatolewa wapi.

Nikapata nguvu. Nani asingepata? Nilitaja tarehe 11 Julai 1960, siku Tshombe alipoitangaza Katanga kuwa nchi peke yake, na Januari 1963 ilipokwisha. Nilitaja na jengo la teta, yaani la maigizo, la mwaka 1956, lile linaloitwa la Juni 30, ambako baadaye wabunge wa jimbo walikwenda kukaa. Kijana wa mayai akauliza kama wabunge ndio waliokuwa wakiigiza. Watu wakacheka, na niliona, naapa, kona moja ya mdomo wa mjomba ikisogea. Moja tu. Nikajisema moyoni: huyu amekwisha, tarehe ya harusi hii hapa.

Kutoka pale nilikuwa nimepanga sinagogi, iliyojengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, kisha makumbusho, wakaone misalaba ya shaba. Lakini Mama alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, na nikajua ni mtu wa misa. Nikabadilisha njia. Nikasema twende kathedrali.

Haya. Tumefika. Anayekunywa kitu aweke chini.

Kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo ni ya enzi za Wabenediktini, miaka ya 1920 huko. Nilikuwa na neno tamu la kusema pale: kwamba Wabenediktini haohao ndio walioanzisha mwaka 1939 timu ambayo leo ni TP Mazembe, na ilianza kwa jina la mtakatifu, Saint-Georges. Nilijua mjomba ni mtu wa Mazembe. Hiyo ndiyo ilikuwa risasi yangu ya mwisho, nimeitunza tangu stesheni.

Niliwapanga wageni wangu kwenye ngazi, uso wao kwa kathedrali, mimi mgongo kwa mlango. Mlango umefungwa. Sikujiuliza kwa nini nje kulikuwa na gari lenye riboni. Sikujiuliza kwa nini pembeni walisimama watu wa fanfari wamevaa nyeupe, tarumbeta mkononi, wanangoja. Niliwaona. Nikadhani na wao ni wafuasi wangu.

Kengele ikaanza kulia juu. Nikaona sauti yangu itapotea, nikabonyeza cheusi kwa nguvu zaidi. Jasho. Kidole kikateleza.

Nilisikia "tik."

Ni kasauti kadogo. Nimekuwa nikikasikia kila usiku tangu siku ile.

Kisha mambo matatu yakatokea pamoja. Kengele ilinyamaza. Mlango ulifunguliwa nyuma yangu, maana niliona macho ya wageni wangu yakipanda juu ya kichwa changu. Na mpiga picha wa harusi, sijui alitokea wapi, akapaza sauti: "Kimya tafadhali! Bwana na bibi harusi, muangalie hapa. Moja, mbili..."

Kimya. Watu zaidi ya mia wamesimama mlangoni, wamevaa, wamejipuliza manukato. Kimya cha kanisa.

Na kifuani mwangu Dokta akaamka.

"DAWA YA PANYA! DAWA YA MENDE! DAWA YA KUNGUNI!"

Niligeuka. Sijui kwa nini niligeuka. Ningebaki nimewapa mgongo labda ningekufa mtu asiyejulikana. Niligeuka na megafoni mkononi, mdomo wake ukawaelekea maharusi sawasawa.

"MAMA, HAUPATI USINGIZI? USIKU UNASIKIA KELELE MU NYUMBA?"

Bibi harusi alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya picha. Tabasamu lilibaki pale pale, macho ndiyo yaliyoondoka.

Nilibonyeza chekundu. Nikabonyeza cheusi. Nikabonyeza lile tundu.

"EKO NAKULA BUNGA YAKO! EKO NAKULA KAPENTA YAKO! ANALALA KWAKO, HALIPI NYUMBA!"

Nyuma ya bwana harusi mtu mmoja akaangua kicheko, halafu wote wa safu ile wakamwangalia kijana mmoja mwenye miwani, na kijana akaangalia chini. Nadhani ni mdogo wa bwana harusi. Nadhani anakaa kwao. Kaka, kama unasoma hapa, nisamehe, sikukujua.

Nikaipiga kofi megafoni. Ikaongeza sauti.

"UKIMUACHA, ATAZALA! ATAZALA MU MATELA YAKO!"

Bibi harusi akashusha shada lake la maua polepole, polepole, mpaka likafika tumboni, likatulia hapo. Sisemi kitu. Mimi ninaeleza nilichoona.

Nilivua koti nikaifunga megafoni. Sauti ikawa ya mtu aliyefungiwa kabatini, mbaya zaidi. Nikaikalia. Hiyo ndiyo sehemu mnayoituma sana, najua, sekunde ya kumi na tisa: mimi nimechuchumaa kwenye ngazi za kathedrali, suti, tai, na kutoka chini yangu sauti ya mtu mzima inasema:

"UA YEYE! UA BIBI YAKE! UA NA BUKO YAKE YOTE!"

Buko ni wakwe, kwa mlio mbali. Pande zote mbili za wakwe zilikuwa mlangoni, zimepangwa kwa urefu.

Na hapo, enyi ndugu, ndipo ngoma ilipoingia. Yule mpiga ngoma kubwa wa fanfari ni msanii wa kweli, simlaumu. Tangu mwanzo alikuwa akisikiliza, na maneno ya Dokta yana mapigo yake. "ANAKUFA MUKAVU!" Bum. "HANA HARUFU!" Bum-bum. Tarumbeta ikajibu. Wafuasi wangu kumi na watano wakaanza kupiga makofi. Kijana wa mayai akaweka beseni chini akacheza. Dokta akarudi mwanzo, "DAWA YA PANYA!", na safari hii watoto wote waliitikia: "YA PANYAAA!"

Nikaamua kukimbia. Nilishika megafoni kama mtoto mgonjwa, nikaruka ngazi. Mnakumbuka nilisema maua ya jakaranda yamemwagika? Watu wa mashairi wanayasifu sana maua yale. Hakuna anayewaambia kwamba yakikanyagwa yanakuwa okra. Mguu wa kulia ulikwenda Kasapa, wa kushoto ukabaki, na mimi nikalala kifudifudi mbele ya kiatu cheupe cha bibi harusi, karibu sana, nikaona hata bei haijabanduliwa kwenye soli.

Megafoni iliniponyoka. Ikashuka ngazi moja, ngazi mbili, inahubiri, ngazi tatu, ikaviringika mpaka miguuni kwa Mama.

Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akavua kiatu. Akainama. Akaipiga mara moja tu.

Dokta akanyamaza.

Watu wakavuta pumzi. Mpiga picha akainua kamera.

Na megafoni ikaanza king'ora. Sikujua kama ina king'ora. Hata Dokta mwenyewe hakujua, amekuja kuniuliza Jumapili nimekitoa wapi.

Aliyekizima ni mjomba. Alishuka ngazi zake moja moja na fimbo yake, kama mtu anayeshuka kwenye behewa. Akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akachukua ile kitu akaiweka mapajani, akatoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kufungua waya. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. King'ora kinalia, yeye hana haraka. Wa nane. Betri zikatoka, akazipanga pembeni kama mayai.

"Miaka makumi tatu ku reli," akasema, hakuniangalia. "Kintu ikipiga kelele, haupigane na kelele. Unatafuta kwenye inakulia."

Mengine nitayapita haraka, kwa sababu yananichosha. Baba wa bibi harusi alikuja, akanitukana kwa lugha tatu, ya tatu ni Kiluba, na pale ndipo nilipojua anamaanisha. Mjomba akasema naye maneno mawili pembeni, wakapeana mikono. Polisi wawili wakataka karatasi ya kodi ya soko, nikawaeleza mimi ni mwongozaji wa historia, wakafungua mfuko wangu wakakuta pakiti mbili za dawa ya panya. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilitoa ya soda. Wakati bado natafuta noti, mama mmoja mwenye kitenge cha harusi akanivuta mkono kwa siri. "Papa, ile dawa, iko nguvu kweli?" Nikamwambia chukua tu, akakataa, akanilipa. Ya pili alichukua polisi. Na yeye alilipa, tuwe waungwana. Maharusi walipigwa picha upande wa pili wa kathedrali. Nimeambiwa fanfari ilipiga lile pigo la "anakufa mukavu" usiku kucha ukumbini, na kwamba watu walilicheza.

Mimi nilikaa chini ya mti, magoti yamechanika, rafiki yangu ananiambia nisisogee, mwanga ni mzuri. Nilingoja mjomba aseme turudi nyumbani.

Hakusema. Aliketi karibu yangu, akavua kofia, akaelekeza fimbo mbali kule ambako bomba la kiwanda cha shaba linasimama na mlima wake mweusi wa mabaki. "Papa yangu alikuwa anafanya kule," akasema. "Jioni anarudi Kamalondo. Ile wakati banaitaka Cité Albert." Na akaanza kueleza. Kwamba kati ya mji wa wazungu na ile cité waliacha eneo tupu makusudi, watu wasichanganyike. Kwamba usiku mtu mweusi asiye na karatasi hakutakiwa kuonekana upande huu tuliokaa, na baba yake mara moja alikosa saa akalala ndani ya behewa mpaka asubuhi. Kwamba watoto walikatazwa kutoka giza likiingia kwa kutishwa na mutumbula, yule mtu wa usiku anayekamata watu, anawanenepesha, wanaliwa. Na kuhusu ukale, akasema kama ninautafuta nisiutafute kwenye matofali. Misalaba ya shaba watu wa huku walikuwa wakiiyeyusha na kuimimina karne nyingi kabla mzungu hajaleta reli, na bibi yake alikuwa nao mmoja, walikuwa wanaegemeza nao mlango.

Wafuasi wangu wote walikuwa wamehamia kwake. Wameketi chini, hata yule mzee wa fomu. Hapakuwa na megafoni, na kila mtu alisikia.

"Papa," nikasema, "mbona hukusema yote haya asubuhi?"

"Weye ulikuwa unasema." Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza. Kiganja kilikuwa buluu tupu. Akakiangalia kwa muda, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. "1510," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti hadi akafuta macho kwa kofia. Mama alicheka na yeye. Mchumba wangu bado hajacheka, tunazungumza kupitia mdogo wake.

Walirudi Likasi Jumapili. Leo asubuhi imekuja karatasi ya mahari, imeandikwa kwa mkono wa mjomba, herufi zimesimama wima kama mataruma. Mbuzi wawili. Suti ya baba. Viatu vya mjomba, namba 43. Vitenge vya Mama, vitenge vya mashangazi, blanketi, mfuko wa chumvi, jembe, taa. Nimeshuka nayo polepole, napiga hesabu, naona inawezekana nikiuza pikipiki. Nimefika chini kabisa, namba 17:

"Megafoni moja. Mupya. Ikuwe na kifungo ya kuzima."

Nimekwenda kwa Dokta kuuliza zinauzwa wapi. Anasema nisihangaike, ileile ataniachia, lakini bei imepanda, maana sasa inajulikana.